Kikombe cha Uzi Mwekundu

Siku ya kumzika Mama Uji, watu wake walipika uji. Si huu wa sukari na maziwa unaouzwa siku hizi pale steji ya Gatitu. Ule wenyewe, uliolala siku tatu kwenye ndoo ukachachuka, mpaka ukiukaribia pua inajikunja na mate yanajaa mdomoni kabla hujaitwa kunywa. Nilikuwa nimekaa chini ya hema kwenye kiti cha plastiki, nimevaa koti la kuazima, na ile harufu iliponifikia nikaukumbatia mkoba wangu kama mtu aliyeona mwizi. Ndani ya mkoba kulikuwa na kikombe cha bati. Nimekaa nacho tangu darasa la nne, na hakuna mtu nimewahi kumwonyesha.

Kama wewe ni wa rika langu na umelelewa huku kwetu milimani, unaijua Jumamosi ya mpira. Kwetu Tetu uwanja ulikuwa umelalia ubavu. Upande mmoja uko juu karibu na barabara, upande mwingine unashuka mpaka kwenye majani chai, na mpira ukitoka huko chini watoto wote tunaufuata tukipiga kelele kama kuku waliofunguliwa. Timu yenyewe iliitwa Mteremko. Wageni kutoka mahali pa tambarare walikuwa wanalalamika ati uwanja umepinda, na sisi tunawaambia ni wao wamekuja wamepinda.

Kule juu, karibu na mstari, ndipo Mama Uji alikuwa na kibanda chake cha mbao. Alikuwa mama mkubwa wa mwili, mwenye kikohozi na maneno machache. Kwenye rafu alikuwa amepanga vikombe kumi na kimoja vya bati, na kila kimoja amekifunga uzi wa sweta kwenye mkono wa kukishikia. Wa kijani ni wa golikipa, wa njano wa beki mrefu, hivyo hivyo. Katikati ya wiki vilikuwa vya kila mtu, wachuma chai wakipita wananywea. Lakini Jumamosi vilirudi kwa wenyewe. Mchezaji hakanyagi uwanja kabla hajanywa uji kwenye kikombe chake, tukimwangalia. Akimaliza anakiinua juu, na sisi tunapiga makofi, ndio mchezo unaanza. Hiyo ilikuwa kama maombi yetu, na kusema ukweli wengine waliishika kuliko maombi.

Uzi mwekundu ulikuwa wa kaka yangu Kariuki, ambaye kila mtu alimwita Karis.

Sijui nikueleze vipi mguu wa kushoto wa Karis. Alikuwa amekulia kwenye ule mteremko, kwa hivyo aliujua vile unavyojua ngazi ya nyumba yenu gizani. Anaupiga mpira kuelekea juu, unafika mahali unachoka, unaanza kurudi wenyewe, na yeye tayari anaungoja, beki akiwa bado anashangaa. Viatu vyake vilinunuliwa na wachuma chai, mmoja mmoja wakitoa kidogo kidogo. Kwa hivyo watu walikuwa na maneno yao. Hawakusema mguu wa Karis. Walisema, "Mguu wetu uko aje leo?" Na mimi nikisikia hivyo nilikuwa najisikia mkubwa, kama mwenye nyumba.

Kisha ikaja ile Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, watu wakiwa na nguo zao nzuri, na Mwenyekiti wa timu akatuita uwanjani. Akapanda kwenye kreti ya soda. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwa majani chai, na nakumbuka nikiona viatu vyake lakini nikiona kwa shida miti iliyokuwa nyuma yake.

"Tumebadilishana na timu ya Naro Moru," akasema. "Wao wanachukua Karis. Sisi tunapata golikipa, tunapata beki moja mzuri sana, na neti mbili. Mpya."

 Halafu Gasho, yule wa pikipiki, ambaye siku zote ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo, akauliza polepole, "Neti?"

"Mbili," Mwenyekiti akajibu.

"Chairman, ati umetoa Karis ukaletewa neti? Hiyo neti itafunga goli?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akafikiri kicheko ni kizuri, akacheka pia. "Na golikipa, Gasho. Huyu wetu ni fundi wa mbao, kila Jumamosi anakuja na misumari mfukoni."

"Misumari ni yetu!" mtu akapaza sauti nyuma. "Na Karis ni wetu!"

"Wee, si mngoje," mama mmoja mchuma chai akasema. "Hebu aulizwe mwenyewe. Karis, umekubali hii maneno?"

Watu wote wakageuka. Kaka yangu alikuwa amesimama karibu na mama, ameshika Biblia ya mama na mwavuli wa mama. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alionekana mdogo kuliko mimi.

"Nimekubali," akasema. "Huko wanacheza ligi ya juu. Nataka tu kujaribu."

Kile kilichofuata ndicho siwezi kusahau, kwa sababu hakikuwa kelele. Watu wa Mteremko walikuwa watu wa kelele, hata kwa matanga. Lakini pale walinyamaza kabisa, na walianza kurudi nyuma hatua moja moja, mpaka tukabaki sisi watatu katikati ya nyasi. Mama akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Huo mguu tulikunywa chai ya rangi ndio uvae viatu," yule mchuma chai akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Kwetu huyo amekufa," Gasho akasema. "Mimi nimemzika leo."

Hapo ndipo Mama Uji alitoka mlangoni pa kibanda chake.  Alirudi ndani kwenye rafu, tukimwona wote, akachukua kikombe cha uzi mwekundu, akakipangusa kwa aproni, akaangalia ndani yake kwa muda mrefu. Kisha akakifudikiza. Mdomo chini, tak, juu ya mbao.

"Mmeona?" Gasho akapiga kelele. "Mama amemaliza maneno!"

Watu wakaguna, mguno mmoja mzito, kama ng'ombe wanapoona chui. Na mimi nikajificha nyuma ya mama. Kwa sababu mimi nilijua kikombe kilichofudikizwa ni nini. Mwaka huo huo guka, babu yetu, alikuwa amekufa, na asubuhi ile cucu, nyanya yetu, alikichukua kikombe chake cha chai, akakifudikiza mezani, na hakuna aliyekigusa mpaka tuliporudi kutoka kaburini. Nilikuwa nimenyoosha mkono, mama akaupiga. "Wacha hiyo. Ya guka imeisha." Kwa hivyo nikajua. Mama Uji amemaliza Karis. Kilichobaki ni siku tu.

Karis aliondoka Jumanne asubuhi na begi moja. Gasho na wenzake walikataa kumbeba, ati pikipiki zao hazijui njia ya Naro Moru, kwa hivyo alitembea mpaka barabara kubwa na mimi nikamsindikiza mpaka kwenye ua wa kaiyaba, ile miiba iliyozunguka shule. Kwenye njia ya kutoka kwetu tulikuta matawi mabichi yamelazwa chini, yamekatwa vizuri, mstari mzima kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nikamwambia, "Karis, wamekupambia njia." Akayaangalia. Akayaruka bila kuyakanyaga. Sikujua bado kwamba matawi yakilazwa hivyo ni njia imefungwa, mtu asirudi.

"Shiku, sikiza," akaniambia pale kwenye ua. "Baada ya wiki tatu tunakuja kucheza hapa. Ni kwenye makubaliano. Nikifika nakunywa uji yangu kwanza, kwa kikombe yangu, watu waone mimi bado ni wa huku. Hasira yao itaisha, utaona. Alafu nalala nyumbani. Uniwekee blanketi ile nzito."

"Na kama hawataki?"

"Mama Uji akinipea, wote watanyamaza. Unajua huyo mama hakosewi."

Nilitaka kumwambia nilichokijua. Lakini wewe unaweza kumwambia mtu aje kwamba kikombe chake kimeshafudikizwa? Nilimpungia tu mkono mpaka mvuke wa pumzi yangu ukamficha.

Zile wiki tatu zilikuwa ndefu. Kwa steji ya maziwa, wanaume waliokuwa wakimsaidia mama kuinua mtungi walianza kuangalia simu zao. Mtu alimwita "mama Naro Moru," wengine wakacheka chini chini, na mama akauinua mtungi peke yake na hakumwaga hata tone. Neti mpya zilipofungwa, asubuhi iliyofuata moja ilikuwa imekatwa kwa panga katikati, tundu la kutosha mtu kupita. Hakuna aliyeuliza ni nani. Golikipa mpya, kijana mpole wa watu, alilishona lile tundu kwa kamba ya gunia huku watoto wakimwangalia kama anayeshona kidonda. Na jioni tukitoka shule tuliwasikia vijana uwanjani wakijifunza wimbo. Ulikuwa na mstari mmoja tu. Mguu ni wetu, utabaki hapa. Mguu ni wetu, utabaki hapa. Walikuwa wakiuimba polepole, kama wa kanisani.

Wewe ukiwa mtu mzima unasikia hapo mashabiki walioumia moyo. Mimi nilisikia panga.

Ndipo nikaamua kumwokoa kaka yangu. Kila siku nikitoka shule nilipitia kwa kibanda, nikangoja Mama Uji ainame kuchochea moto, nikanyoosha mkono na kukisimamisha kikombe. Mdomo juu. Nilikuwa narudi nyumbani nikirukaruka, kweli, nikiimba, nikifikiri Karis huko aliko amevuta pumzi. Kesho yake nikipita, kimefudikizwa tena. Nakisimamisha, anakifudikiza. Siku moja nilimsikia akinung'unika, "Ni nani huyu anasumbua hii kikombe?" na akakibonyeza chini kwa kiganja chake chote, akikohoa. Niliona ule mkono mkubwa juu ya bati na nikaona ni kichwa cha kaka yangu amekibonyeza.

Ijumaa, ikiwa imebaki siku moja, nilikichukua. Nilikiweka ndani ya sweta la shule, juu ya tumbo, na baridi yake nikaisikia mpaka mgongoni. Nilifikiri, kisipokuwepo hakiwezi kufudikizwa. Niliona nimekuwa mwerevu sana.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko siku zote. Walijipanga pande zote za uwanja wakiwa wamevaa makoti meusi ya mvua, na hakuna aliyepuliza filimbi wala kupiga debe. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, mweupe kule juu, na upepo wake ulikuwa unashuka moja kwa moja shingoni. Nyumbani mama alikuwa ameacha viazi na nyama jikoni, na blanketi zito nilikuwa nimelikunja mwenyewe kitandani. Mimi nilisimama kando ya kibanda, sweta limefungwa vifungo vyote, mikono nimeifunga tumboni.

Lori la Naro Moru likafika. Karis akashuka wa mwisho, na jezi ya bluu ambayo haikumfaa rangi. Hakwenda na wenzake. Alipita mbele ya watu wote, peke yake, akipanda kuelekea kibandani, na watu wakaachana kumpisha, na ule wimbo ukaanza chini chini. Mguu ni wetu, utabaki hapa.

"Mama, nimekuja," akasema alipofika.

Na Mama Uji akatabasamu. Mimi sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu. Akachota uji kwa kibuyu, ukitoa moshi, na mkono wake mwingine ukaenda moja kwa moja kwenye rafu, bila kuangalia, kama mtu anayejua aliweka nini wapi.

Mkono ukagusa mbao tupu.

Akaangalia. Akasukuma vikombe vingine, vikagongana. Akainama chini ya meza. Uso wake ulikuwa unabadilika, na watu waliokuwa karibu walianza kusonga waone.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Jana ilikuwa hapa."

"Hakuna kikombe!" Gasho akapiga kelele, na furaha kwenye sauti yake ilikuwa mbaya. "Mama ameitupa! Kanywe Naro Moru!"

Uwanja wote ukaidaka. Kanywe Naro Moru! Kanywe Naro Moru! Mama Uji akatikisa kichwa, akajaribu kusema kitu, kikohozi kikamkamata. Kwa haraka akachukua kikombe cha plastiki kutoka kwenye beseni, vile vya kupewa mgeni yeyote, akakijaza, akamnyooshea kaka yangu.

Karis alikiangalia kile cha plastiki. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kugusa jezi yake. Niliona anavyomeza mate.

"Asante, mama," akasema. "Niko sawa."

Akageuka akashuka uwanjani. Na Mama Uji, akiwa bado ameshika ule uji, akasema kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia, "Na nilikuwa nimemwekea. Wiki tatu nimeifudikiza, mtu mwingine asiinywee."

Unajua mtoto anapojua kitu chote kwa mara moja? Bati lilikuwa juu ya ngozi ya tumbo langu. Nilihitaji tu kufungua vifungo viwili. Lakini kila mtu alikuwa akipiga kelele, na Gasho alikuwa amesimama pale, na mimi nilikuwa mwizi. Nilijiambia, ngoja akimaliza kucheza, atakuja nyumbani, nitampa.

Walicheza. Kipindi cha pili sisi ndio tulikuwa tunashuka, lakini mteremko ulikuwa umeenda na mwenyewe, Karis. Karis aliupiga mpira kuelekea juu, ukachoka, ukaanza kurudi, na yeye tayari alikuwa anaungoja. Ukapita juu ya golikipa ukaingia kwenye ile neti iliyoshonwa. Hakushangilia. Udongo ulirushwa, donge moja likampata shingoni, na hakulipangusa. Mchezo ulipoisha hakuvuka uwanja kuja kwetu. Alipanda lori kabla ya wenzake, akakaa akiangalia mlima. Mama alimwita kwa jina lake lote. Hakugeuka.

Ile sahani ya viazi na nyama mama aliifunika mpaka asubuhi. Blanketi lilibaki limekunjwa.

Karis hajalala kwetu tangu siku hiyo. Mama ndiye alikuwa anapanda kwenda kumwona. Ule mpira wa ligi ya juu ulimchezesha misimu michache ukamwacha, kama unavyowaacha wengi, na sasa anabeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Ana mke, ana msichana mdogo. Hakuna mtu aliyemuua. Alikufa tu kwetu, vile Gasho alisema. Mama aliacha kumsalimia Mama Uji, na Mama Uji, ambaye hakuwa mtu wa kujieleza, aliamini mpaka mwisho kwamba mashabiki ndio waliiba kile kikombe ili wamfedheheshe kijana. Timu ilipovunjika alikuwa bado anauza uji. Nilikunywa kwake mara nyingi. Kila mara nilisema leo nitamwambia, na kila mara aliniuliza, "Kaka yako hajambo?" na nikajibu hajambo, nikalipa, nikaenda.

Kwa hivyo nilipoisikia ile harufu imenifikia pale matangani, nikainuka. Mama alikuwa amenisukuma na kiwiko. "Kaka yako ako kwa geti," alisema. "Amekataa kuingia. Ati huyu mama alimnyima uji mbele ya watu, sasa atakuja kula kwake aje. Nimemwambia mtu akikufa unaenda, ndio akafika hapo."

Nikaenda kwenye sufuria. Nilitoa kikombe mkobani. Bati limechubuka pembeni, lakini uzi bado ni mwekundu, kwa sababu haujawahi kuona jua. Binti ya Mama Uji akakiangalia, akaniangalia, akakijaza mpaka juu.

Nilitembea polepole nisimwage. Karis alikuwa ameegemea nguzo ya geti na koti lake la mlimani, mguu wa kushoto umekunjwa. Akaona uji kwanza. Kisha akaona uzi.

"Shiku," akasema. "Hii umetoa wapi?"

Nikamwambia. Nilianzia kwa guka, nikaja kwa sweta, sikujificha popote. Ndani walikuwa wameanza kuimba, wakitoa jeneza nyumbani. Nilikuwa nalia na kamasi, mtu mzima mwenye kazi yake. Yeye akakipokea. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na nilifikiri atakimwaga, na ingekuwa haki yake.

Alikunywa. Alikunywa wote, polepole, hakupumzika, macho yamefungwa. Alipomaliza akakiinua juu, vile walivyokuwa wanafanya, na hakukuwa na wa kumpigia makofi.

Kisha akavuka geti. Akapita katikati ya watu, ambao walianza kunong'ona wakimtambua, mpaka kwenye kile kibanda kizee kilichohamishiwa uani kwa Mama Uji. Rafu ilikuwa bado ipo. Akakiweka pale, akakifudikiza, mdomo chini, akakibonyeza kwa kiganja chake chote.

"Hii msiguse," akawaambia watoto waliokuwa hapo, "mpaka turudi kutoka kumzika."